Shingo Iliyonyooshwa kama Fimbo

Siku za kazi, mkono wa kushoto wa Deusdedit ulikaa mfukoni. Pale kwenye mashine ya kusaga, mtaani Ngokolo, alimimina mahindi kwa mkono wa kulia na kuisukuma ndoo kwa goti. Akisalimiwa alitoa wa kulia, akipewa kitu alipokea kwa wa kulia, na wazee wasiomfahamu waliondoka wakinong'ona kwamba mtu mzima yule hakufundwa, maana aliyelelewa vizuri hapokei kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja. Deusdedit aliwasikia. Hakuutoa mkono ili wauone.

Jumapili ndipo mkono ule ulipotoka. Kwaya ya parokia ikisimama kwa wimbo wa mwanzo, yeye aliketi kwenye kiti chake nyuma ya kinanda, akalaza gitaa la besi pajani, na mkono wa kushoto ukaenda kwenye shingo ya gitaa kama ng'ombe anavyoingia zizini bila kuswagwa. Vidole viwili vya mwisho vya mkono huo viliganda nusu njia tangu ajali. Havikukunjika hadi mwisho, wala havikunyooka. Kidole gumba nacho kilikuwa kigumu kama kigingi. Ungeutazama ukadhani ni mkono wa mtu aliyekuwa ameshika kikombe, kisha kikombe kikachukuliwa na vidole visipewe habari. Lakini nafasi ile tupu, kati ya gumba na vidole, ilikuwa na unene uleule wa shingo ya gitaa lile. Ikiingia, ilijaa. Deusdedit hakuichagua shingo ile. Ajali ndiyo iliyompimia.

Anayesikiliza muziki hudhani gitaa ni sauti. Anayelipiga hukutana na shingo kwanza, tena kwa upande usioonekana na watu, yaani mgongoni, pale gumba linapoegemea. Zipo shingo zenye mgongo bapa, nyembamba kama rula, na vidole hukimbia juu yake bila kuchoka, mradi kiganja kiweze kujikunja na kuzifuata. Zipo zilizochongoka katikati kama mgongo wa ng'ombe wa kiangazi. Hizo hulipatia gumba mahali pa kujibana. Na zipo nene, za mviringo, zinazokijaza kiganja chote. Mwenye mkono mdogo huzilaani, kwa sababu humlazimu kujinyoosha mpaka kifundo cha mkono kianze kuuma. Mwenye mkono usiofunga huzishukuru. Ya Deusdedit ilikuwa ya aina hiyo ya mwisho. Wanakwaya waliita gitaa lake Mpini, na jina halikuwa la uongo, kwa sababu ukifumba macho ungesema umeshika jembe.

Gitaa lenyewe lilikuwa la kaka yake, Bartholomeo, aliyelinunua Kahama kwa mwanamuziki wa dansi aliyeamua kuacha muziki. Ndugu hao wawili walilipeleka Segese walipokwenda kutafuta dhahabu. Mchana walishuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na jioni Bartholomeo alipiga besi kwenye baa za pale senta huku Deusdedit akipiga gitaa la kati. Siku moja ya masika magogo yanayozuia kuta za duara, yale wanayoyaita matimba, yaliachia. Deusdedit walimtoa jioni ileile, mkono umebanwa kati ya timba na mwamba. Bartholomeo walimtoa kesho yake, wakamfunika kwa turubai, na hakuna aliyeruhusu mama yao asogee.

Baada ya mazishi gitaa lilikaa ukutani muda mrefu. Mkono ulipopona kwa namna yake, Deusdedit hakuwa na haja tena ya gitaa lolote. Hata kufunga vifungo vya shati alifungiwa na mkewe, Lusia. Kisha siku moja alilishusha ili alifute vumbi. Akalishika shingoni kama mtu anavyoshika kitu anachotaka kukihamisha tu, na mkono ukakaa. Alibaki amesimama na kitambaa begani. Lusia, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, aliona, akaendelea na ungo wake. Tangu siku hiyo Deusdedit akawa mpiga besi.

Miaka ikaenda. Kiangazi cha Shinyanga kinakausha kila kitu, na shingo ya gitaa ni mti kama miti mingine. Ikaanza kupinda taratibu, katikati ikabonyea, na nyuzi zikasimama juu yake kama waya za nguo zilizokazwa. Kila alipobonyeza ilimbidi atumie nguvu maradufu, na vidole vyake vizima vilikuwa viwili tu. Alirudi nyumbani baada ya misa akiwa ameuma meno.

"Baba Mbuke, besi yako inapanda," Mwalimu Edward alimwambia Deusdedit, akimwita kwa jina la mwanawe, Jumamosi moja kwenye mazoezi. Edward ndiye aliyeifundisha kwaya, kijana mwenye haraka na sikio kali. "Chini iko sawa. Ukisogea juu tu, wewe na kinanda mnakuwa wa makabila mawili."

"Nitaikaza."

"Umesema hivyo tangu Kwaresima."

"Mwache, mwalimu," alidakia mmoja wa waimbaji wa nyuma. "Lile si gitaa, ni mke wa pili. Ukimsema mke wa mtu utapigwa."

Kwaya ikacheka, na Deusdedit akacheka nao. Lakini Edward aliinama, akafungua mkoba mweusi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akatoa gitaa jipya la besi, jekundu, linalong'aa mpaka picha ya dirisha ikaonekana juu yake.

"Wanakwaya wamejichangisha," alisema. "Baada ya Pentekoste wanakuja watu wa kurekodi kutoka Mwanza. Siwezi kurekodi na Mpini. Jaribu hili."

Deusdedit alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa zawadi na watu wote walikuwa wakitazama. Akaketi. Shingo ya gitaa lile ilikuwa nyembamba, bapa mgongoni, imepakwa rangi inayoteleza. Gumba lake lilitafuta pa kuegemea likakosa. Kiganja kilizama, na vile vidole viwili vya mwisho vikabaki vinaning'inia hewani juu ya nyuzi kama miguu ya mtoto aliyeketishwa kwenye kiti cha mkubwa. Alipiga sauti mbili, ya tatu ikakwaruza. Akasimama kabla ya watu kuelewa.

"Jepesi mno," alisema.

"Wepesi ndiyo sifa yake," Edward alijibu.

"Mimi nimezoea langu."

Aneth, binti aliyepiga kinanda, aliomba alishike kidogo. Vidole vyake vilipanda shingo ile na kushuka kana kwamba vinatafuta kitu kilichoanguka majini, na besi ikatoka safi, ya duara, kila sauti mahali pake.

"Linakwenda lenyewe," alisema kwa furaha. Kisha akamwona Deusdedit usoni, akalirudisha mkobani polepole.

Edward hakuwa mtu mbaya. Alimsogeza Deusdedit pembeni, karibu na mlango, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anaheshimu kumbukumbu ya marehemu kaka yake, ila kwaya haiwezi kuburuzwa na kumbukumbu. Likitengenezwa Mpini, sawa, atarekodi nalo. Lisipotengenezwa, jipya litapigwa na yeyote anayeliweza.

Nyumbani Lusia alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini usimwambie tu kwamba mkono haufungi?" aliuliza. "Anadhani unaringa."

"Bora adhani naringa. Akishajua atanionea huruma. Mtu anayeonewa huruma hapigi besi, anaachiwa apige."

"Na likiharibika kabisa?"

Swali lile ndilo Deusdedit alilokuwa akitembea nalo njia nzima. Gitaa jingine lenye shingo ya namna ile hakuwahi kuliona, na pasipo shingo ile mkono wake ungerudi mfukoni siku zote saba.

Jumatatu alilipeleka kwa Donatus, fundi wa redio na spika karibu na soko, ambaye alitengeneza pia magitaa ya makanisa yote ya mjini. Donatus alilielekeza jichoni kama mtu anayelenga shabaha, akaguna.

"Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyooshea," alisema. "Kichwa cha chuma hiki kimelika. Nikikizungusha kinazunguka bure. Hapa dawa ni shingo nyingine. Naweza kuagiza Mwanza."

Akamwonyesha moja aliyokuwa nayo, mpya, ndani ya mfuko wa nailoni. Deusdedit aliishika, na kabla hata gumba halijakaa alishajua.

"Hakuna nene?"

"Siku hizi wote wanataka nyembamba. Shingo nene utaikuta kwa mabosi wa dhahabu tu." Donatus alicheka peke yake, kisha akaona mwenziwe hacheki. "Kweli kaka, hakuna. Na hii yako usiichezee. Iache ukutani ikae kumbukumbu."

Kumbukumbu tena. Deusdedit alilifunga gitaa ndani ya khanga ya Lusia, akaaga. Njiani aliligeuza neno la fundi huku na huku. Shingo imepinda, na chuma cha kuinyoosha kimekufa. Lakini yeye alikulia kijijini Didia, na huko Didia miti iliyopinda ilinyooshwa kila siku bila chuma chochote.

Mzee Mwigulu, kaka wa mama yake, alikuwa mchongaji wa mipini ya majembe na fimbo za kuchungia. Deusdedit alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, tezo miguuni, anakwangua mpini kwa kipande cha chupa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mwadila, habari za huko? Wa mjini mmekumbuka kwetu leo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimeleta mgonjwa."

Alifungua khanga. Mzee alilitazama gitaa kwa muda bila kuligusa, kwa kuwa alimjua marehemu aliyekuwa nalo. Kisha akapitisha gumba mgongoni mwa shingo, kutoka kichwani hadi ilipoungana na mwili, na hapo katikati akasimama.

"Mti mzuri huu," alisema. "Umepinda kama fimbo iliyosahauliwa juani."

Deusdedit alikuwa akilisubiri neno hilo. Alipokuwa mchunga ng'ombe aliona fimbo zikinyooshwa mara nyingi asizoweza kukumbuka. Fimbo ya mkole ilipakwa mafuta ya ng'ombe, ikalazwa kwenye majivu ya moto mpaka ikalegea, ikabanwa kwenye panda ya mti na kurudishwa taratibu, kisha ikafungwa kwa kamba juu ya boriti iliyonyooka hadi ikapoa. Ikishapoa haikurudi tena ilikotoka. Fimbo ya namna hiyo mtu alizeeka nayo.

"Ukiipasha moto, mjomba?"

Mzee Mwigulu alikuna kidevu. "Mimi vitu vya mashine sivijui. Nakuuliza wewe mwenye kitu. Huu ni mti mmoja?"

Deusdedit aliitazama shingo. Mbele palikuwa na ule ubao mweusi wenye vyuma vyembamba vinavyogawa sauti. Nyuma palikuwa na mti wa rangi ya asali uliosuguliwa na mkono wa Bartholomeo, kisha na wake. Katikati yake palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Miaka yote alikuwa ameuona mstari ule bila kuufikiria. Kwake ilikuwa shingo, na shingo ni moja.

"Ni mmoja," alisema.

Walifanya kazi ile jioni yote, kwa uangalifu. Waliing'oa shingo mwilini kwa bisibisi, wakaipaka mafuta, wakailaza juu ya majivu, si ndani yake, na mzee akawa anaigeuza kama mtu anayechoma muhogo wa mgonjwa. Harufu fulani ikatoka, kali kidogo, isiyokuwa ya mti. Mzee aliinua pua.

"Ni rangi inaungua," Deusdedit alisema.

Waliibana kwenye panda. Ikakubali, laini, bila kulia. Mzee akafumba jicho moja, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, wakaifunga kamba juu ya boriti. Asubuhi ilikuwa imenyooka kama uzi uliovutwa. Deusdedit aliipitishia gumba mgongoni, taratibu. Unene ulikuwa uleule. Hakuna kilichopungua.

"Wabeja, mjomba," alisema, akishukuru kwa lugha ya nyumbani.

"Nenda kalipige. Siku nikisikia linalia, nitajua mkono wangu bado unafanya kazi."

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Edward alisimama karibu na kinanda, mikono kifuani, anasubiri. Deusdedit alikuwa amefunga nyuzi asubuhi hiyohiyo. Aneth akatoa sauti ya kuanzia, na besi ikaingia chini yake.

Ilikuwa sauti ambayo haikuwa imesikika pale kwa miaka. Nyuzi zilikuwa karibu na ubao, vidole havikuhitaji kubonyeza, viligusa tu. Gumba liliegemea mgongoni mwa shingo, kiganja kimejaa, na vile vidole vilivyoganda, ambavyo siku nyingine vilikuwa kama abiria, vikapata kazi. Kimoja kilifikia uzi mnene na kuuzuia usivume ovyo. Alisogea juu, na sauti haikupanda. Edward alikunjua mikono yake. Kwenye ubeti wa tatu alianza kutabasamu, na wimbo ulipokwisha akasema maneno ambayo Deusdedit aliyaweka moyoni.

"Basi hili ndilo tutakalorekodi nalo. Nisamehe, Baba Mbuke."

"Si neno, mwalimu."

"Wa pili, tafadhali. Kutoka mwanzo."

Wa pili ulikuwa wimbo wa taratibu, na mwanzoni mwake besi iko peke yake. Deusdedit alivuta uzi mnene. Sauti ilianza sawa, kisha ikateremka yenyewe, taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti. Alidhani ni kigingi cha uzi kimelegea. Alinyoosha mkono wa kulia akikaze, na alipokikaza ikasikika sauti kavu, kama ya mtu anayemenya muwa kwa meno.

Ubao mweusi ulikuwa umeachana na mti. Ulijiinua kutoka upande wa kichwa kama gome, ukabakia umesimama na vyuma vyake, na chini yake ukaonekana mfereji wa chuma kilichokufa pamoja na gundi iliyoyeyuka ikaganda upya kwa matone ya rangi ya chai. Ilikuwa miti miwili. Ilikuwa miwili siku zote, na kilichoishikanisha ni gundi, na gundi waliichoma wao wenyewe juu ya majivu, akigeuza mzee na akisema yeye kwamba ni rangi inaungua.

Hakuna aliyecheka safari hii. Edward alitazama mbao zile, kisha akamtazama mwenye nazo, na kwa nia njema kabisa akauchukua mkoba mweusi.

"Pole sana. Chukua hili, tuendelee. Utalizoea tu."

Deusdedit alilichukua. Labda alitaka kuthibitisha jambo ambalo alikwisha kulijua, au alikuwa amechoka kuficha. Aliweka mkono kwenye shingo ile nyembamba mbele ya kwaya nzima, akapiga mwanzo wa wimbo. Sauti ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikwaruza. Ya tatu haikutoka. Akaanza tena. Kiganja kilizama na vidole vikaning'inia, na safari hii aliviacha vikaning'inia mpaka kila mtu akavielewa.

Edward alikuwa wa mwisho kuelewa, kwa sababu alikuwa akisikiliza zaidi ya kutazama. Alipotazama, uso wake ulibadilika.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungefanyaje?"

Mwalimu aliutazama tena mkono ule. Kwa kweli asingeweza kufanya lolote, na wote wawili walilijua hilo.

Deusdedit alisimama, akamkabidhi Aneth gitaa jekundu. Binti yule alilipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama mtu anayepokea kitu cha mzazi. Kisha Deusdedit akakusanya vyake ndani ya khanga: mwili wa gitaa, mti wa rangi ya asali, na ubao mweusi ambao nyuzi bado ziliushikilia.

Donatus alijaribu. Alisugua gundi ya zamani, akapaka mpya, akabana kwa vyuma, lakini mti ulikuwa umejipinda upande kwa sababu ya ule moto, na ubao ukakaa mshazari. Nyuzi zilipokazwa, shingo ilijinyonga kama kitambaa kinachokamuliwa. "Nilikuambia usiichezee," alisema, ila bila ukali, na hakumruhusu Deusdedit atoe kitu mfukoni.

"Wewe njoo ukae besi," Edward alimwambia wiki moja kabla ya kurekodi.

Kwa muda mfupi sana Deusdedit alidhani anaitwa kwenye gitaa. Kisha akaelewa kwamba mwalimu alimaanisha ule mstari wa nyuma, wa wanaume wenye sauti nzito, ambako palipungua mtu. Sauti yake haikuwa nzito. Wimbo uliposhuka hadi chini hakuufikia, akawa anachezesha midomo tu. Watu wa Mwanza walipofunga vyombo vyao na kuagana, alisalimiana nao kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umerudi mfukoni.

Nyimbo zilitoka, zikasambaa kwenye simu za watu. Mwezi Novemba mawingu yalipoanza kujikusanya, Deusdedit alikwenda Didia na Lusia kusaidia kutayarisha shamba la mama. Alikuwa ameahirisha safari hiyo mara kwa mara. Tangu siku ile hakuwa amempa mjomba wake habari yoyote, na mzee, ambaye hakuwa na simu, alikuwa akiulizia kwa kila anayetoka mjini.

Walimkuta palepale uani, na mipini mipya imesimamishwa ukutani kungojea mvua.

"Mlikuwa wapi?" mzee aliuliza baada ya salamu. "Nataka jambo moja tu. Linalia?"

Lusia alitazama chini. Kisha akatoa simu kwenye fundo la khanga, akatafuta wimbo, ule wa taratibu, akaushikilia karibu na sikio la mzee. Besi ilianza peke yake, safi, ya duara, kila sauti mahali pake. Ilikuwa Aneth na shingo yake nyembamba. Mzee Mwigulu alifumba macho. Kiganja chake kikaanza kupapasa hewa, kama kinapitishwa mgongoni mwa kitu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo shingo niliyoinyoosha. Sikia inavyokwenda, haiyumbi." Akafumbua macho kumtazama mpwa wake. "Ni yenyewe?"

Deusdedit alikumbuka swali jingine, lililoulizwa uani hapohapo, na jibu alilolitoa bila kutazama vizuri. Safari hii alitazama. Aliitazama mikono ya mzee, yenye mishipa iliyosimama na makovu ya tezo, iliyoanza kutetemeka kidogo hata ikiwa imetulia magotini.

"Ni yenyewe, mjomba," alijibu.

"Nilijua." Mzee alicheka kwa sauti iliyopasuka. "Nilijua, ng'wanone, mwanangu. Watu wanasema nimezeeka." Aliinuka kwa shida, akaenda ukutani, akapima mipini kwa macho, akachagua mmoja mnene, wa mviringo, unaong'aa kwa mafuta. "Huu ni wako. Nimeuacha nene kwa ajili ya mkono wako ule. Shika tuone."

Deusdedit alitoa mkono mfukoni. Hakuwa na la kufanya. Kitu cha mkubwa hakipokelewi kwa mkono mmoja. Wa kulia uliubeba mpini chini, na wa kushoto ukaushika juu. Ukaingia kwenye ile nafasi kati ya gumba na vidole, ukajaa. Kwenye simu wimbo ulikuwa bado unaendelea, na kabla hajajizuia gumba lilikwisha kuegemea nyuma ya mti, na vidole viwili vizima vilikuwa vikibonyeza upande wa mbele, kimoja baada ya kingine, palepale sauti zilipopaswa kuwa.

Mpini haukutoa sauti yoyote. Lusia alizima simu.

"Unashika vibaya," Mzee Mwigulu alisema, akautwaa mkono wa mpwa wake na kuugeuza. "Umekaa mjini mpaka umesahau. Jembe halishikwi hivyo."